Kituo cha Saba

Mto niliumimina mimi,
makopo mawili ya utomvu, nikausubiri siku tatu ugande,
madirisha nimeyafunga vumbi lisije likaogelea.
Thames yenyewe ilikuwa ng'ambo ya ukuta,
rangi ya chai iliyosahauliwa mezani,
ikipwa, ikijaa, bila kumwomba mtu ruhusa.

Kipimo: moja kwa mia tano.
Palipofuliwa mizinga zamani
nikapanda maghorofa ya kioo kwa kibanio.
Miti ni sifongo iliyochovywa kijani.
Na katikati ya barabara mpya, mstari mwekundu,
njia ya basi peke yake, lisipangane foleni na gari,
kila dakika tano, Woolwich hadi Thamesmead,
kule treni isikofika.
Basi lenyewe nililichonga kwa rula ya shule ya binti yangu.
Ukilipindua, tumboni utasoma:
kumi na nne, kumi na tano.

Siku ya maonyesho, ukumbi wa maktaba,
wahandisi na tai zao, biskuti kwenye sahani za karatasi.
Akaja Bi Dilmaya, mjane wa askari wa Kigurkha,
majani ya haradali yakichungulia mfukoni mwake.
Akaizunguka meza mara mbili.
Hakuuliza nauli. Hakuuliza lini.
Akauliza, "Mimi niko wapi?"

Mhandisi Pettifer akainama, akamwonyesha mtaa wake,
jengo lake, hata ghorofa lake.
"Hiyo nyumba. Mimi je?
Watu wenu wote vijana, wote wanatembea.
Nani anangoja?"

Usiku ule nikarudi na taa ya kichwani.
Mtu, kwa kipimo chetu, ni nusu punje ya mchele.
Shali ya zambarau niliipaka kwa unywele mmoja wa brashi.
Nikamketisha kituo cha saba, chini ya paa,
na mfuko wake, tone la kijani, basi.
Sikumwambia mtu.

Halafu barua. Aya mbili.
Fedha zimeelekezwa kwingine.
Ikatia nukta pale sisi tulipotia kituo.
Pettifer alisema mpango haujafa, umelala,
akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Maghorofa yalijengwa. Hayo hayakukosa fedha.
Yana majina ya wasanifu wa meli na maua ya mtoni,
na mlinzi wa usiku anayekujua kwa kadi yako.
Ule mstari mwekundu hakuna aliyeuuliza.
Bi Dilmaya nilimkuta mara nyingi mbele ya bucha,
akingojea basi la siku zote, dakika thelathini na nane,
mvua ikija ubavuni kama mtu anayekusukuma kwa kiwiko.
Hatimaye nikamwambia nilichofanya,
shali, mfuko, vyote.
Akafikiri kidogo.
"Hicho kituo chako kina paa?"
"Kina."
"Basi huko silowi."
Akacheka hadi akashika nguzo.

Ule mji wangu sasa uko ghala la manispaa,
umefunikwa nailoni, jirani na taa za Krismasi
na viti vya uchaguzi vilivyovunjika miguu.
Juzi nilitumwa huko kutafuta kitu kingine.
Nikainua nailoni.
Miti imekuwa rangi ya mkate.
Ghorofa moja limeanguka, silo lile wanalokaa watu.
Basi limebanduka, limelala chali juu ya mto,
kumi na nne, kumi na tano, wazi kwa dari.

Yeye yupo. Hajasogea hata unywele.

Gundi sikosi mfukoni, ni mazoea ya kazi.
Nikaliokota basi, nikalipuliza vumbi,
nikaliweka mbele yake, mlango ukimwelekea.
Gundi ile hushika kwa dakika tano.
Nikaketi juu ya boksi la taa, nikangoja nayo.